Neti ya Mama Mkwe

Nilizijua zile kandambili kabla sijajua jambo lingine lolote. Za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa waya pale mkanda ulipokatika, kwa sababu mama mkwe wangu hatupi kitu mpaka kitu kimkatae chenyewe. Zilikuwa zimepangwa sawasawa nje ya chumba cha siafu, na mlango umefungwa.

Mimi nilitakiwa kuwa Dodoma mpaka Jumatatu. Mkutano ulinichosha, watu wale wanazungumza mpaka chai inapoa mara mbili, nikapanda treni nikarudi zangu Maneromango. Kliniki ya Stara niliianzisha mwenyewe, na mimi si mtu wa kupiga hodi kwangu. Nikausukuma mlango.

Bi Mwanaheri alikuwa kitandani, magoti juu, shuka limefika kiunoni. Aliponiona alivuta kanga akajifunika uso wote. Mwenzangu Minza, mhandisi wetu wa mashine tunazoziita siafu, alisimama katikati yetu ametanua mikono kama golikipa.

"Toka," aliniambia.

"Huyu ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakwambia toka."

Lakini nilikuwa nimeshaona ukutani. Picha ya kibofu ilikuwa imewashwa, kubwa, ya rangi, na picha hizo mimi nazisoma upesi kuliko gazeti. Neti, ambayo ilitakiwa kulala chini ya mrija wa mkojo na kuubeba kama mbeleko inavyobeba mtoto, ilikuwa imekaza mpaka ikakata nyama. Ukingo wake mmoja ulikuwa umeingia ndani ya kibofu chenyewe, na juu ya nyuzi vimeota vijiwe vyeupe vya chumvi. Hali hiyo haiji kwa wiki moja. Mama huyu alikuwa akikojoa moto tangu mwaka jana, na mwaka jana wote alikula kwangu kila Ijumaa, akaniambia wali wangu umeiva vizuri.

"Minza," ilitoka sauti chini ya kanga, "mwambie mwenzio kwamba mimi simo humu."

"Mama anasema hayumo," Minza akasema.

"Nimesikia."

"Mwambie kama amesikia, basi afunge mlango akiwa upande wa nje."

Nikafunga mlango nikiwa upande wa nje. Nikakaa kwenye benchi karibu na zile kandambili, mkoba wa safari bado begani, na nikaanza kuona aibu ambayo sikujua bado ni ya nini hasa.

*

Kama hukulelewa Uzaramoni, huenda ukashangaa kwa nini nilitoka bila kubishana, mimi daktari, na mgonjwa yuko mbele yangu. Mkwe ni mkwe. Mama wa mume hamwambii mke wa mwanawe habari za chini ya kitovu. Likiwapo jambo la namna hiyo, hutafutwa mtu wa tatu na jambo hupitia kwake, hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja na wanasikiana vizuri. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Nilipokuwa natengeneza neti niliisahau kabisa, au niliona haihusu mashine.

Sisi madaktari tuliiita wavu hai. Wanawake waliiita neti, kama ya mbu, na jina lao likashinda. Inafumwa kwa nyuzi za hariri zilizooteshwa maabara, inaingizwa kwa tundu moja dogo, na ikishakaa mwilini inajifunza. Ukikohoa, inakaza. Ukicheka, inakaza. Ukijitwisha ndoo, inakaza kabla mkojo haujakuponyoka. Wanawake waliozaa mara sita, mara nane, waliokuwa wamejitenga na misiba na arusi kwa kuogopa kulowa mbele za watu, walirudi kucheza ngoma. Ni zaidi ya mia mbili katika tarafa hii. Mimi mwenyewe ninayo, tangu nilipomzaa Mwajabu, ambaye alikuja duniani na kichwa kikubwa kama cha baba yake.

Sasa neti itajuaje kwamba imekaza mno? Lazima imuulize mwenyewe. Kwa hiyo tuliitengenezea ushanga. Wanawake ndio waliochagua: punje moja inayosema, itungwe pamoja na shanga zao za kiunoni, mahali ambapo mgeni hagusi. Kila asubuhi ushanga huuliza kwa sauti ya chini, "Hujambo?" Mwenyewe hujibu, na neti husikia. Walitaka sauti wanayoijua, nikawapa yangu. Nilijisikia fahari, sikatai.

Tena neti hufundishana. Ile iliyotangulia kukomaa tuliiita somo, kama kungwi anavyokuwa somo wa mwari, na nyingine zote ni wari wake. Mwanamke mwenye neti changa akilalamika, neti yake hutazama kwanza kwa somo. Somo akiwa hajambo, basi malalamiko ya mwari huhesabiwa kuwa ni ya ugeni, na neti inaendelea kukaza vilevile. Somo akisema anaumwa, zote hulegea. Nilifanya hivyo kwa sababu wagonjwa wapya hulalamikia kila kitu mpaka upepo wa feni.

Na aliyebeba somo alikuwa Bi Mwanaheri. Nani mwingine? Ndiye kungwi wa huku, mabinti wote wa Maneromango wamepitia mikononi mwake. Alipokubali yeye, walikubali wote. Nilimwomba mwenyewe, kupitia kwa mume wangu Mwinshehe, ambaye alikohoa sana siku hiyo kabla ya kumfikishia mamake ujumbe.

Minza alitoka akivua glavu, akakaa pembeni yangu. Ni mwanamke wa Kisukuma kutoka Magu, mrefu, hana haraka na lolote duniani, na hilo limekuwa likinikera tangu tuanze kazi.

"Alikuja leo kwa sababu alijua hupo," alisema.

"Anasema ni tangu lini?"

"Yeye anasema siku mbili tatu. Vijiwe vinasema vingine."

"Itatoka?"

"Itatoka. Siafu wameshaamka, wanaanza sasa hivi."

Zamani, enzi za neti za plastiki, kuitoa kulikuwa balaa. Tumbo lilifunguliwa, nyama ikakatwa pamoja na nyuzi, na wengine waliamka na hali mbaya kuliko ile waliyokuja nayo. Siafu wa Minza ni mashine ndogo kuliko punje ya ufuta. Wanapita kwenye mrija wa mkojo wenyewe, hakuna kidonda wala mshono. Kila mmoja anatafuta uzi wake, anauuma, anauburuta nje. Wenzake wanasaga vijiwe. Mgonjwa anapigwa ganzi ya kiunoni tu, yuko macho, anaweza hata kupiga soga. Lakini kundi ni moja, na likishamhudumia mtu mmoja linachoka, linahitaji miezi kujijenga upya. Huwezi kulipeleka kwa wanawake mia mbili.

"Umefikiria kuhusu fundisho?" Minza aliuliza.

Nilikuwa nimelifikiria, ndiyo maana sikuweza kuinuka kwenye benchi. Neti ya somo ikitoka, jibu lake la mwisho ndilo linalobaki kwa wari. Na jibu la mwisho la Bi Mwanaheri, asubuhi ileile, na vijiwe vyake ndani, lilikuwa kwamba hajambo. Wari wangeendelea kukaza kwa jibu hilo mpaka somo mwingine akomae, labda masika ya mwaka ujao. Kufikia hapo wangapi wangekuwa wamekatwa kama yeye? Na hakuna daktari awezaye kulegeza neti kutoka nje. Sheria hiyo niliiweka mimi. Nilisema mwili wa mwanamke utamsikiliza mwanamke mwenyewe na hautamsikiliza daktari, nikapigiwa makofi hata na mawaziri.

"Basi aseme," nikamwambia Minza. "Kabla uzi wa mwisho haujakatwa, ushanga umuulize, naye aseme anaumwa. Neti zote zitalegea papo hapo."

"Nimemwomba. Amekataa."

"Kwa nini akatae? Hao ni mabinti zake."

Minza alinitazama kama anayepima dawa. "Leo wanamtoa mwari kwa Bi Asina, naye ana neti. Ngoma umeisikia ukipita. Neti zikilegea, wenye neti wote watalowa uani, na wote wanajua somo wao ni nani. Hiyo ni sababu moja."

"Na nyingine?"

"Ushanga unaongea kwa sauti yako, Mwamvua. Miaka yote hii mke wa mwanawe anamuuliza habari za utupu wake, tena kutoka kiunoni kwake. Ulitaka akujibu nini?"

Minza akarudi ndani kuangalia siafu wake.

*

Niliinuka nikaenda kwenye chumba cha mitambo, nikajifungia. Nilikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya, nikalibeba hivyohivyo.

Majibu yote ya ushanga yamehifadhiwa. Nilikuwa na sauti ya Bi Mwanaheri ya miaka mitatu. Mtambo wetu unaweza kukata neno hapa na silabi kule, ukaunga, ukatoa sentensi ambayo hata mwanawe wa kumzaa angeapa ni ya mamake. Ningeunga maneno mawili tu: naumwa sana. Ningeyapeleka kwa neti. Neti zingelegea, wanawake wangepona, naye Bi Mwanaheri angekwenda nyumbani na siri yake.

Nilijiambia kuwa ni wanawake mia mbili. Nilijiambia kuwa anakataa kwa sababu ya haya tu, na haya haijawahi kumponya mtu. Kila nilichojiambia kilikuwa kweli. Lakini nilijua pia ninachotaka kufanya: kumwekea mtu maneno mdomoni, tena mama mzima, tena juu ya mwili wake mwenyewe, baada ya kuzunguka nchi nzima nikihubiri kwamba hilo halitatokea tena. Nikawasha mtambo.

Ili niunge sentensi ilinibidi nisikilize. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kusikiliza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitazama vitone kwenye skrini, kijani kwa aliye salama, nyekundu kwa anayeumwa, na kwa Bi Mwanaheri kulikuwa na shamba zima la kijani.

"Hujambo?" ilisema sauti yangu, tamu, ya kibiashara kidogo.

"Sijambo, mwanangu." Kimya.

Asubuhi nyingine. "Hujambo?"

"Sijambo, tunamshukuru Mungu." Kimya.

Nikaruka mbele, nikafika mwaka jana. Sasa alikuwa anavuta pumzi kabla ya kujibu.

"Hujambo?"

"Sijambo. Sijambo kidogo, mwanangu, ila..."

"Asante mama, uwe na siku njema," sauti yangu ikasema, na ushanga ukajifunga.

Niliirudia ile sehemu. Nikaendelea na asubuhi iliyofuata. "Sijambo, ila hapa..." Asante mama, uwe na siku njema. Na nyingine. "Sijambo, ila nilitaka..." Asante mama. Alijaribu siku nyingi mfululizo. Halafu ukafika wakati akaacha, akabaki na sijambo peke yake, kavu, ya kumaliza maneno.

Ushanga niliutengeneza mimi ufunge ukisikia sijambo. Betri ni ndogo, na wanawake wa huku ukiwaachia nafasi watakueleza mpaka habari za mbuzi wa jirani. Ndivyo nilivyosema kwenye kikao, watu wakacheka. Lakini nani asiyejua salamu zetu? Mtu yuko hoi kitandani, unamuuliza hujambo, anakujibu sijambo, na baada ya hapo ndipo anakueleza anapoumwa. Sijambo ni adabu tu ya kukukaribisha. Mgonjwa mwenyewe yuko nyuma yake. Mimi nimesalimiana hivyo tangu nianze kusema, kisha nikatengeneza mashine inayomfungia mtu mlango mara tu anapokukaribisha.

Mama yule alikuwa ameshinda haya yake. Amelala gizani, sauti ya mkwe iko kiunoni, amejikaza akaanza kusema. Nikamkata, kama ninavyomkata kila mtu.

Nikafungua sauti za wengine. Bi Asina: "Sijambo, ila dokta..." Niliikumbuka siku aliyokuja mwenyewe kliniki, akakaa mbele ya meza yangu akalalamika kwamba chini kunamuwaka. Nilimwambia, "Bi Mwanaheri mwenyewe hana shida, wewe una nini?" Akaondoka akiomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Nikafungua nyingine, na nyingine. Ila, ila, ila, na mimi nikiwatakia siku njema.

Mwisho nikafungua ya kwangu. Nilijisikia mwenyewe nikijiuliza, na nikijijibu "Sijambo" haraka kuliko mwanamke yeyote wa tarafa, kabla hata swali halijaisha. Kuna mchomo upande wa kushoto ambao nimekuwa nao tangu mfungo. Nimekuwa nikiuita uchovu.

Ile sentensi ya kuunga ilikuwa tayari. Nikaifuta. Halafu nikaifuta sauti yangu kwenye shanga zote, nikaweka sheria mpya, kwamba ushanga haufungi mpaka mwenyewe aseme basi. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji ya chai. Ningeweza kuifanya kazi hiyo siku yoyote ya miaka ile.

*

Niliporudi chumbani, Minza alikuwa amevuta pazia. Nikasimama upande wa pili, nikaona vivuli tu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Minza, mwambie marahaba."

"Marahaba, anasema."

"Minza, naomba umwambie mama kwamba leo nimesikia sauti zake. Alisema ila, mimi nikamkata. Si mara moja. Alitaka kuniambia na mimi sikumpa nafasi. Naomba radhi yake."

"Anaomba radhi," Minza akasema. "Analia pia, lakini anajikausha."

"Nasikia kamasi," Bi Mwanaheri akajibu.

Siafu walikuwa wakifanya kazi. Kwenye bakuli la chuma nilisikia nyuzi na chembe za vijiwe zikianguka. Mama mkwe akakaa kimya muda mrefu, na mimi, kwa mara ya kwanza nadhani tangu niolewe, nikakaa kimya naye.

"Mwambie," alisema hatimaye, "mtoto huyu tangu amekuja nyumbani kwetu hana subira. Na wali wake haujawahi kuiva. Anaupakua una kiini, kila Ijumaa, na mimi nameza."

"Wali wako una kiini," Minza akasema.

"Nimesikia."

"Mwambie Mama Mwajabu kwamba nilikuwa nasubiri aniulize tena kwa macho, siyo kwa hicho kidude. Nikija kula nakaa jikoni makusudi. Anapita tu, mbio mbio, ananiambia shikamoo akiwa ameshafika uani."

Hiyo Minza hakuirudia. Ilikuwa imeshafika.

Nikamwambia yaliyobaki, bado kupitia kwa Minza. Kwamba sauti yangu nimeitoa na haitarudi. Kwamba akitaka, Minza atamuuliza, kwa sauti ya Minza, na ushanga utasubiri mpaka aseme basi. Mimi sitakuwapo chumbani wala karibu na mlango. Kwamba asiposema, neti itatoka vilevile, atapona vilevile, na hakuna atakayemlaumu. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa nimetaka kuiba sauti yake. Sikupaswa kuliacha hilo.

"Umebakiza nyuzi ngapi?" nikamuuliza Minza.

"Nyuzi chache. Nimewasimamisha siafu. Hawawezi kukaa sana, watakufa humo ndani."

"Mimi nakwenda uani kwa Bi Asina," nikasema. "Nitawaambia wanawake neti zinakaza mno na kosa ni langu. Jina la mama halitatoka kinywani mwangu."

Nilikuwa nimeshageuka aliposema, "Minza, mwambie asiende mikono mitupu. Kapu langu liko chini ya kitanda. Kanga za kumtunza mwari zimo humo, doti nyingi tu. Achukue zote."

Minza akanipitishia kapu chini ya pazia. Sikuthubutu kuuliza kwa nini nizichukue zote. Nilipokuwa napita mlangoni nilimsikia Minza akivuta kiti.

"Haya wewe Mzaramo," alisema kwa sauti ya utani wa Wasukuma na Wazaramo, "mnacheza ngoma tu, mihogo inaliwa na nguruwe, mwili wenyewe hamuutunzi. Hebu nikuulize."

"Nyamaza, mla michembe ya viazi," Bi Mwanaheri akamjibu, na nilisikia kama anacheka. "Wewe ukipewa mwari umtunze, utamfundisha kuchunga ng'ombe."

Nikafunga mlango. Nikazipita zile kandambili.

*

Ua wa Bi Asina ulikuwa umezungushiwa makuti mapya, na ndani ni wanawake peke yao, kama inavyotakiwa. Ngoma ilikuwa imekolea. Mwari amekaa mkekani, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, na wenye neti wangu wote wako uwanjani, viuno vinakwenda, wanawake watu wazima wenye wajukuu, wanacheza kama ambavyo niliwaahidi watacheza. Nilisimama pale na kapu langu nikawaangalia. Furaha ile nilikuwa nimeileta mimi, na madhara yaliyokuwa chini yake nilikuwa nimeyaleta mimi.

Bi Asina aliniona, akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Dokta! Tunamngoja somo. Uko naye?"

"Anakuja baadaye. Nina neno, wenzangu." Nikaweka kapu chini. "Hamjambo?"

"Hatujambo!" wakajibu kwa pamoja, ua mzima.

Maneno yangu yalikuwa tayari ulimini, nimeyapanga njia nzima. Nikayazuia. Nikangoja.

Walidhani nimesahau nililotaka kusema. Mmoja akacheka kidogo. Mpiga ngoma akafuta jasho. Mtoto wa mtu alilia nyuma ya nyumba, akabembelezwa, akanyamaza, na mimi bado nimesimama, nawatazama usoni mmoja mmoja. Ni kazi ngumu kuliko upasuaji. Miguu ilitaka kuondoka peke yake.

"Hatujambo, dokta," Bi Asina akasema taratibu. Akatazama wenzake. "Ila..."

"Sema, Bi Asina."

"Ila mimi huku chini kunaniwaka. Nilikwambia. Ukanambia Bi Mwanaheri hana shida."

"Ulinambia. Nikakufukuza kwa maneno. Neti zinakaza mno, wenzangu, na kosa ni langu, si la mtu mwingine. Huenda zikalegea sasa hivi, huenda zisilegee. Zikilegea tutalowa, na tutalowa wote, na mimi nimo."

Nilitegemea makelele. Hawakupiga. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema yeye damu anaiona tangu mwezi uliopita na alidhani ni umri. Mwingine akasema mumewe amehamia chumba cha pili na hajamwambia sababu. Wa tatu, mnene, mcheshi, ninayemjua kwa vichekesho tu, alifungua kinywa, akakifunga, akatazama chini.

Hapo nikasikia kitu kimeachia ndani yangu, polepole, kama unavyolegeza mkanda baada ya kula. Mchomo wa kushoto, ule nilioupa jina la uchovu, ukatoweka. Kisha uvuguvugu ukashuka mguuni, ukapita gotini, ukaingia kwenye viatu vyangu vya mkutano wa Dodoma, mbele ya ua mzima. Mama mkwe wangu alikuwa amesema.

Wanawake walitazama miguu yangu. Halafu Bi Asina akajishika tumbo, akatazama ya kwake. Nilitoa kanga ya juu kabisa kapuni, nikamfunga kiunoni mimi mwenyewe. Nyingine nikampa wa pili, na wa pili akampa wa tatu.

"Endelea," nikamwambia yule mcheshi, nikiwa nimesimama kwenye maji yangu. "Ila nini?"